Ukungu Unaoondoka Ukipepesa Macho: Mwongozo wa Kuyatunza Macho Makavu Nyumbani

Maswali ni yale yale matatu, na huja kwa zamu. Wa kwanza huuliza kwa nini miwani yake mpya humwonyesha vizuri asubuhi, lakini ikifika saa kumi jioni maandishi huanza kucheza. Wa pili huuliza inakuwaje aambiwe kwamba macho yake ni makavu ilhali machozi humtiririka kila anapopanda bodaboda. Wa tatu huwa ameshanunua kichupa cha matone ya kuondoa wekundu, amekitumia kwa wiki tatu, na sasa anashangaa kuona macho yamezidi kuwa mekundu kuliko siku aliyoanza. Nimeandika mwongozo huu ili niwajibu wote kwa pamoja, nikiwa mtu aliyeishi na macho makavu kwa miaka kadhaa na ambaye, kabla ya kuelewa tatizo liko wapi, alibadilisha miwani mara mbili ndani ya mwaka mmoja bila kupata nafuu yoyote.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye macho yanayochoma, yanayokwaruza kana kwamba yameingiwa na mchanga, au yanayoona ukungu unaokuja na kuondoka. Usiutumie kwa mtoto mdogo. Mtoto mwenye macho makavu ambaye pia hujikwaa gizani anaweza kuwa na upungufu wa vitamini A, hali inayoweza kumpofusha, na anapaswa kufikishwa kituo cha afya bila kusubiri.

Kwa nini ukavu huvuruga uoni

Nitasema machache tu. Kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, hufunikwa na utando mwembamba wa machozi, na utando huo ndio wa kwanza kupokea mwanga unaoingia jichoni. Ukiwa laini, unaona vizuri. Ukipasuka, mwanga hutawanyika, na unakuwa kama dereva anayetazama barabara kupitia kioo kilichonyeshewa mvua huku waipa zimekufa. Ndiyo maana taa za magari usiku huonekana kama zina miale, na ndiyo maana ukipepesa macho maandishi hutulia kwa sekunde chache kisha yakafifia tena.

Utando huo una ute unaoushikiza kwenye jicho, una maji, na juu yake una mafuta yanayozuia maji yasikauke. Mafuta hutoka katika vitezi vidogo vilivyopangana kwenye ukingo wa kope, ya juu na ya chini. Kwa watu wengi wenye macho makavu kasoro iko hapo: maji yapo, ila mafuta yameganda ndani ya vitezi na hayatoki. Jicho likianza kuungua, mwili hujibu kwa kumwaga machozi mengi kwa ghafla, lakini hayo ni ya maji tu. Humwagikia shavuni na kuliacha jicho likiwa kavu kama mwanzo. Yule wa bodaboda amepata jibu lake.

Mahitaji

Andaa vitu vifuatavyo kabla ya kuanza, kwa sababu kazi hii huharibika zaidi kwa kukatizwa kuliko kwa kukosewa:

- taulo ndogo mbili za pamba, safi, ambazo ni zako peke yako;
- beseni dogo na maji ya moto kwenye chupa ya chai;
- pamba safi, pamoja na maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe;
- machozi ya bandia kutoka duka la dawa;
- daftari, kalamu, na saa inayoonyesha sekunde;
- orodha ya dawa zote unazomeza, zikiwamo za mafua na za usingizi.

Kuhusu machozi ya bandia, usimwombe muuzaji "dawa ya macho" kisha ukapokea chochote anachokupa. Soma viambato kwenye boksi na utafute neno hypromellose, carboxymethylcellulose au sodium hyaluronate, kwa tahajia hiyo hiyo, maana ndivyo yanavyochapishwa. Lolote kati ya hayo linafaa kwa kuanzia, na la bei kubwa si lazima likufae zaidi.

Hatua za kufuata

1. Jipime kabla ya kutibu chochote.

Kaa mahali penye mwanga mzuri, vaa miwani yako ya kusomea ikiwa unayo, fumba jicho moja, kisha tazama mstari mmoja wa maandishi madogo bila kupepesa. Hesabu sekunde hadi herufi zianze kufifia au jicho lianze kuchoma. Pepesa mara mbili na uangalie kama herufi zimerudi. Fanya vivyo hivyo kwa jicho la pili, asubuhi na jioni, kwa siku tatu, na uandike namba zote. Daktari hufanya kipimo kinachofanana na hiki kwa kutumia rangi maalumu na taa ya buluu, na utando unaopasuka kabla ya sekunde 10 huhesabiwa kuwa dhaifu. Hesabu yako ya nyumbani haina usahihi huo, lakini itakuonyesha mahali ulipoanzia.

Ukungu ukiondoka kwa kupepesa, endelea na hatua zinazofuata. Usipobadilika hata kidogo, mwongozo huu si wako: huenda unahitaji kupimwa miwani, una mtoto wa jicho, au sukari yako iko juu, na hayo yote yanataka mtaalamu wa macho. Kosa ninalolijua vizuri kwa kuwa nililifanya mwenyewe ni kwenda kupimwa miwani jioni, macho yakiwa yamechoka na makavu. Namba atakazopata mpimaji zitakuwa za siku hiyo tu, na miwani utakayotengenezewa itakufaa siku mbaya na kukusumbua siku nzuri.

2. Ondoa kinachokausha macho.

Feni inayokupulizia usoni usiku kucha iondoe. Igeuzie miguuni au ukutani. Kwenye gari, elekeza matundu ya kiyoyozi chini. Walioko Muscat au Dubai, ambao majira ya joto huyapitisha ndani ya viyoyozi kuanzia chumbani hadi kazini, hawawezi kukizima, lakini wanaweza kuhamisha kiti au kitanda kisikae kwenye mkondo wa hewa. Anayepikia mkaa au kuni ndani na alisogeze jiko mlangoni. Abiria na dereva wa bodaboda washushe kioo cha kofia, au wavae miwani inayoziba pembeni.

Kisha pitia orodha ya dawa zako. Dawa nyingi za mzio na mafua, kama klofeniramini na setirizini, hupunguza machozi, na ndivyo zilivyo pia amitriptilini na baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Orodha hiyo mpelekee daktari aliyekuandikia dawa na umuulize kama ipo nyingine badala yake.

Wanja nao hausazwi. Unaopakwa ndani ya ukingo wa kope hukaa juu ya matundu yale yale ya mafuta na kuyaziba, na baadhi ya wanja wa asili umegundulika kuwa na madini ya risasi. Najua ni vigumu kumwambia bibi arusi wa pwani aache wanja. Basi na aupake nje ya mstari wa nywele za kope, na aunawe kabla ya kulala.

3. Jifunze kupepesa upya.

Mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea simu, kompyuta au sindano ya cherehani, hesabu hiyo hushuka sana, na hata hizo chache anazopepesa huwa nusunusu, kope ya juu isifike chini. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Katika muda huo fumba macho taratibu, yabaki yamefumbwa kwa sekunde mbili, fumbua, na urudie mara tano. Kioo cha kompyuta kiwe chini kidogo ya usawa wa macho, kwani unapotazama chini kope hufunika sehemu kubwa ya jicho na machozi hukauka polepole zaidi. Anayeinua simu juu ya uso akiwa amelala chali anafanya kinyume kabisa cha haya.

4. Kanda kope kwa joto.

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na ndiyo inayoachwa mapema kuliko zote. Lengo ni kuyeyusha mafuta yaliyoganda kama samli kwenye asubuhi ya baridi, na samli haiyeyuki kwa kuguswa mara moja.

Toa lenzi kama unazivaa, nawa uso na mikono, kisha mimina maji ya moto kwenye beseni na uyapunguze kwa maji ya baridi hadi yafike nyuzi 40 hivi. Kama huna kipimajoto, tumbukiza upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto: uhisi joto la kupendeza, usihisi kuungua. Chovya taulo ya kwanza, ikamue, fumba macho, na uiweke juu ya kope bila kukandamiza. Taulo hupoa ndani ya dakika mbili hivi, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huiacha imepoa na kuendelea kukaa nayo wakidhani wanajikanda. Iliyo usoni ikipoa, chukua ya pili, na ubadilishane hivyo kwa dakika 10, ukiongeza maji ya moto kutoka kwenye chupa.

Mara tu unapomaliza, kabla kope hazijapoa, zikande kwa ncha ya kidole safi. Kope ya juu ipitishie kidole kutoka juu kwenda chini. Ya chini, kutoka chini kwenda juu, yaani siku zote kuelekea zilikoota nywele. Pitisha mara tano au sita kwa uzito wa kidole tu. Usilibonyeze jicho lenyewe. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, au anayetibiwa presha ya macho, asikande kwa kidole kabla ya kumuuliza daktari wake. Malizia kwa kufuta ukingo wa kope kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, pamba moja kwa kila jicho.

Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki nne za mwanzo, kisha mara moja kwa siku. Siku ya kwanza utaona ukungu zaidi kwa dakika chache, kwa sababu mafuta yaliyotoka yamesambaa juu ya jicho. Hilo lisikutishe.

Onyo la taulo: isitumiwe na mtu mwingine, hata mume au mke. Ugonjwa wa vikope na maambukizi mengine ya macho hupita kwa urahisi kwenye vitambaa vya uso. Fua taulo zako kwa sabuni na uzianike juani kila siku.

5. Weka matone kwa utaratibu.

Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini ipate mfuko, tazama juu, na udondoshe tone moja bila ncha ya kichupa kugusa jicho wala nywele za kope. Fumba macho taratibu kwa dakika moja. Tone moja linatosha, kwa sababu jicho haliwezi hata kubeba tone zima. La pili ni la shavu, na umelinunua wewe. Kama una dawa nyingine ya jicho, acha dakika 5 kati yake na hii.

Weka tone kabla ya kazi inayokausha macho, usisubiri yaungue kwanza. Mara tatu au nne kwa siku ndiyo desturi. Ukijikuta unahitaji zaidi ya nne, tafuta aina isiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike kichupani, kwa kuwa kihifadhi kinachotumika sana, benzalkonium chloride, huudhi uso wa jicho kikitumika mara nyingi. Andika kwa kalamu tarehe uliyofungua kichupa, na ukitupe baada ya siku 28 kama boksi halikutaja muda mwingine, hata kikibaki nusu. Jeli au marhamu huwekwa wakati wa kulala tu. Hutia ukungu mzito, na asiyeambiwa hudhani amepofuka.

Sasa onyo ambalo ningeliweka mwanzoni kama ningejua litasomwa. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu kwa saa chache. Yakiisha nguvu, mishipa hutanuka kuliko mwanzo, nawe unaweka tena. Hatari zaidi ni matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, ambayo mara nyingi huchanganywa na antibiotiki na kuuzwa bila cheti cha daktari. Yatambue kwa majina kama dexamethasone, prednisolone na betamethasone. Macho hutulia ndani ya siku mbili, na ndiyo maana watu huyapenda. Lakini yakiendelea yanaweza kupandisha presha ya macho bila maumivu yoyote, kuleta mtoto wa jicho, na kuzidisha kidonda kilichosababishwa na virusi au fangasi. Wapo wagonjwa ambao daktari huwaandikia, kwa siku anazozihesabu na huku akiwapima. Usijiandikie mwenyewe.

Vilevile usitie jichoni maziwa ya mama, asali, mate, wala maji ya majani yaliyotwangwa. Kioo cha jicho kilichokauka huwa na michubuko midogo, na vijidudu vinavyoingia humo huweza kuacha kovu la maisha.

6. Endelea kwa wiki sita, kisha rudia kipimo.

Pima kila Jumapili kama ulivyofanya katika hatua ya 1. Wengi huona tofauti kuanzia wiki ya tatu au ya nne, na si kwa mstari ulionyooka. Siku ya vumbi au ya msiba wenye machozi mengi na usingizi mchache itakurudisha nyuma. Namba zikishatulia, hapo ndipo uende kupimwa miwani, tena asubuhi.

Mtu atakushauri ununue vidonge vya mafuta ya samaki. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao DREAM, uliotangazwa mwaka 2018, uliwapa watu gramu 3 za mafuta hayo kila siku kwa mwaka mzima, na wenzao wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua nani anameza nini. Waliomeza ya samaki hawakupata nafuu kuwazidi wenzao. Kula dagaa kwa kuwa ni chakula kizuri, na pesa ya vidonge inunue machozi ya bandia.

Mambo yakienda kombo

Macho yanawasha kuliko yanavyochoma, nawe hujizuii kuyafikicha. Huo huenda ni mzio. Joto litazidisha muwasho. Tumia kitambaa cha baridi, na umuulize daktari wa macho kuhusu matone ya mzio, ambayo mara nyingi hayakaushi jicho kama vidonge.

Kila tone linachoma. Kuchoma kwa sekunde chache kwenye jicho kavu ni kawaida. Kukizidi dakika, badilisha uchukue aina isiyo na kihifadhi.

Asubuhi ndiyo mbaya kuliko jioni. Mwombe anayelala karibu nawe akuangalie usingizini kama kope zako zinafumba zote. Zisipofumba, jeli ya usiku itakusaidia zaidi ya kitu kingine chochote.

Umekanda kwa bidii na hakuna tofauti. Huenda unakosa maji na si mafuta, hasa kama kinywa nacho kinakauka au viungo vinauma. Baridi yabisi, magonjwa ya tezi ya shingo, kisukari na kukoma hedhi vyote hufungamana na macho makavu, na matibabu yake huanzia kwenye vipimo vya damu.

Kuna kitu kinachochoma mahali pale pale kila ukipepesa. Angalia kwenye kioo kama kuna nywele za kope zilizogeukia ndani, jambo linaloonekana kwa watu waliokulia kwenye maeneo ya vikope, kama Kongwa mkoani Dodoma. Usizing'oe na kuona umemaliza, kwani huota tena zikiwa ngumu. Upasuaji wa kuirekebisha kope ni mdogo na hufanywa kwa ganzi.

Maumivu makali, mwanga unaoumiza, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, usaha, au uoni uliopungua ghafla. Acha mwongozo huu na uende hospitali leo. Kama unavaa lenzi, zitoe na uende nazo.

Wiki sita zimeisha na daftari halijabadilika. Nenda kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa au kaunti, au kwenye hospitali zenye idara kubwa za macho kama CCBRT ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au ile ya Kikuyu nchini Kenya. Watakuwekea kikaratasi chembamba kwenye kope ya chini kwa dakika 5 na kupima kimelowa milimita ngapi. Chini ya 5 ni dalili ya upungufu wa maji ya machozi. Huenda wakaziba matundu yanayonyonya machozi kwa vizibo vidogo visivyoonekana, au wakakuandikia matone ya saiklosporini, ambayo huchukua miezi kufanya kazi na ambayo wengi huyaacha mapema kwa kuwa yanachoma. Nenda na daftari, orodha ya dawa, na vichupa vyote ulivyowahi kutumia, hata vile vitupu unavyoona aibu kuvionyesha, kwa sababu daktari ataanza kuvisoma hivyo kabla hajawasha taa yake.